Nyumba Iko Chingola, Mtoto Yuko Likasi, Karatasi Iko Wapi?



Katika gazeti hili tumezoea kusema juu ya mshahara, nyumba za kambi na ukali wa wakubwa wa kazi. Leo naomba nafasi niseme juu ya neno jingine, ambalo watu wetu wanalisema chini chini kwenye matanga, na matanga yakiisha wanaliacha. Ni neno la urithi ulio ng'ambo ya mpaka, na la makaratasi ya jamaa. Bila makaratasi hayo mtoto wa marehemu anasimama mlangoni mwa baba yake kama mgeni.

Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu, siku zao za kazi, wake zao na watoto wao. Jina likiandikwa vibaya najua jinsi lilivyoharibika, kwa maana labda mkono ulioliharibu ni mkono kama wangu. Mimi si avoka. Nasema tu kama mtu aliyetembea na bahasha chini ya kwapa kutoka Likasi mpaka Lubumbashi, kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, na kurudi, mara nyingi hata nimeacha kuhesabu.

Habari yenyewe ni hii. Mjomba wangu, kaka ya mama yangu, alizaliwa upande wa Sakania, katika ile nchi yetu iliyoingia ndani ya Zambia kama mguu ndani ya kiatu. Alifanya kazi kwanza hapa kwetu, akaoa, akazaa watoto wawili. Mwaka 1974 akavuka kwenda Chingola, kama wengi walivyovuka, maana ukoo wetu uko pande zote mbili, na mpaka ule walichora Wabelgiji na Waingereza pasipo kumwuliza mtu. Alipovuka, mke wake alikuwa na mimba. Huyo ndiye mtoto wa tatu, binti, na nitarudi kwake, maana habari hii yote ni yake zaidi kuliko ya wengine.

Kule Chingola mjomba akapata kazi mgodini, na baada ya miaka akapata mke mwingine na watoto wawili. Miaka ya 1990, serikali ya Zambia ilipouza migodi yake, nyumba nyingi za mgodi ziliuzwa kwa watu waliokaa ndani yake. Mjomba akanunua yake. Ni nyumba ya vyumba vinne, yenye ukuta na mwembe. Hapa Likasi alikuwa ameacha kiwanja kidogo na vyumba viwili. Mwaka 2019 akafa. Hakuacha wasia. Mke wa kwanza alikuwa amekwisha kufa zamani.

Sasa nitaungama jambo. Kwetu sisi watu wa Sakania, Walala na Walamba na jamaa zao, ukoo hufuata mama. Kwa desturi ya wazee, watoto wa mtu si ukoo wake. Ukoo wake ni watoto wa dada yake. Maana yake, mrithi wa mjomba wangu ndiye mimi. Kwenye matanga mzee mmoja alinivuta kando akaniambia: "Mwipwa wangu, ile nyumba ni yako. Usiwe mjinga. Nenda ukachukue ufunguo kabla ya mwanamke yule hajauza." Nilikaa siku mbili na neno lile moyoni. Mshahara wa karani mnaujua, na nyumba ya vyumba vinne mnaijua. Sitawaambia kwamba sikutamani.

Siku ya tatu nilikwenda kuuliza sheria ya Zambia inasema nini. Nashukuru niliuliza mbele ya kugusa ufunguo.

Zambia ilifanya sheria ya urithi wa mtu asiyeacha wasia mwaka 1989. Iliifanya kwa sababu ya watu kama yule mzee na kama mimi, yaani jamaa za marehemu waliokuwa wakifika siku ya tatu na gari, wanabeba vitanda, sahani na bati, na mjane na watoto wanabaki wanatazama. Sheria ile inagawa mali ya marehemu hivi: katika 100, watoto wanapata 50, mke aliyebaki 20, baba na mama wa marehemu 20, na watu wengine waliokuwa wakilishwa na marehemu wanapata 10. Nyumba ina neno lake peke yake: ni ya mjane na watoto kwa pamoja. Mjane anayo haki ya kukaa ndani yake maisha yake yote, ila akiolewa tena haki ile inakwisha. Mashamba ya kijiji yanayofuata desturi hayamo katika sheria hiyo. Lakini nyumba ya mjini, yenye hati yake, imo.

Mpwa? Hayumo. Labda angekuwa akikaa kwa mjomba na kulishwa naye, angeingia katika wale wa 10. Mimi nimelishwa na mama yangu na mapadri wa shule, sikulishwa na Chingola.

Tena sheria ile inasema neno ambalo wengi wetu hatulijui, ndiyo maana tunapiga kelele bure kwamba Wazambia wanatunyang'anya. Inasema mtoto ni mtoto, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Haiulizi mama yake alikuwa mke wa kwanza au wa pili. Mtoto wa Likasi na mtoto wa Chingola ni sawasawa mbele ya korti ile.

Basi, shida iko wapi? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Nyumba hufuata sheria ya nchi inaposimama. Nyumba ya Chingola itagawanywa kwa sheria ya Zambia, si kwa sheria ya Congo wala kwa desturi ya Sakania. Lakini juu ya kujua nani ni mtoto wa marehemu, korti ya Zambia haiwezi kujitungia. Mtoto aliyezaliwa Likasi, korti inauliza Congo: je, huyu ni nani, baba yake ni nani? Na Congo inajibu kwa karatasi, haijibu kwa mdomo. Kama Congo haina karatasi, haki yote ile ya 1989 inapita juu ya kichwa cha mtoto kama ndege.

Tuliitwa. Walitaka hati ya kuzaliwa ya kila mtoto yenye jina la baba, hati ya ndoa ya mama yao kama iko, cheti cha komini cha kuonyesha jamaa yote, na kitambulisho. Yote ageuzwe kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na mtu aliyeapishwa kwa kazi hiyo, na yawe na mihuri ya wakubwa wa serikali yetu ambayo serikali yao inaitambua. Hawakututukana. Walitaka yale ambayo hata mimi ningetaka kama ningekaa kwenye kiti chao.

Tukafungua sanduku la marehemu mama yao. Ndugu, nilicheka, kisha sikucheka tena.

Karatasi ya ndoa iliandikwa Jadotville, maana Likasi ilikuwa haijapewa jina lake. Majina ya miji yalibadilishwa mwaka 1966, ndipo Élisabethville nayo ikawa Lubumbashi. Karatasi ya mtoto wa kwanza ni ya Jamhuri ya Congo. Kadi ya mama ni ya Zaïre, maana nchi iliitwa hivyo kutoka 1971 mpaka 1997, na jimbo letu likaitwa Shaba. Kadi ya uchaguzi ya watoto, ambayo siku hizi inatumika kama kitambulisho, ni ya Congo tena, na jimbo sasa ni Haut-Katanga, baada ya Katanga kukatwa vipande vinne mwaka 2015. Jamaa haijahama hata nyumba tatu, lakini kwa karatasi imetembea nchi nne. Mtu wa Chingola anauliza: "Jadotville ni nchi gani?" Na ana haki ya kuuliza.

Jina la marehemu ndilo lililoumia zaidi. Katika buku ya kazi aliitwa Pierre, na jina la baba yake nyuma. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na karani wa mji akamfuta Pierre katika kadi ya mke wake na ya watoto, akaweka jina la babu pahali pake. Wakati ule mwenyewe alikuwa bado yuko hapa. Alikubali kama watu wote walivyokubali. Alipovuka akawa Peter. Tena jina la ukoo, ambalo Wabelgiji walituandikia kwa *tsh*, Waingereza wanaliandika kwa *ch*. Kwa hiyo baba wa watoto wa Likasi ni mtu mmoja, na mwenye nyumba ya Chingola ni mtu mwingine, kwa macho ya karatasi. Sisi tunajua ni yeye yule, mwenye kovu juu ya jicho. Lakini kovu halipigwi muhuri.

Si sisi peke yetu. Wako kati yetu wajukuu wa watu walioletwa na waandikaji wa kazi kutoka Rwanda na Burundi miaka ya 1920, na wa wale waliotoka Rhodesia ya Kaskazini wakati migodi yetu ilikuwa bado mipya. Babu zao walipewa namba na jina lililosikiwa vibaya na karani aliyekuwa na haraka. Na kuna wale watoto wa baba Wazungu na mama Wakongo, walionyang'anywa mama zao na serikali ya Wabelgiji na kuwekwa kwa masista. Wengi wao walipewa majina mengine, na jina la baba likafichwa. Waziri mkuu wa Ubelgiji aliwaomba radhi mwaka 2019, na tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels ilihukumu kwamba mama watano wa namna hiyo walitendewa uovu ulio dhidi ya ubinadamu. Mama wale ni wazee sasa. Tangu utoto wao wameishi na karatasi iliyoandikwa na mtu mwingine kwa faida ya mtu mwingine. Nawataja ili tusiseme kwamba karatasi ni neno dogo.

Nirudi kwa mambo ya kazi. Watoto wawili wa kwanza waliokolewa na posho.

Wazee wanakumbuka. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kompani kubwa ya shaba, Union Minière, iliacha kuleta wanaume peke yao kwa miezi michache. Ilitaka mfanyakazi akae na mke wake kambini, azae hapo, ili asikimbie. Kila mke na kila mtoto alikuwa na sehemu yake ya posho. Na unga hautoki bila jina. Kwa hiyo makarani waliandika: jina la mfanyakazi, jina la mke, mtoto wa kwanza amezaliwa siku fulani, wa pili siku fulani. Hawakuandika kwa upendo, waliandika ili mtu asile posho mara mbili. Lakini leo daftari lile linajua watu wetu vizuri kuliko komini. Migodi mingine ilifuata desturi ile, na desturi ilidumu miaka mingi. Kwenye mgodi alikofanya kazi mjomba, sitautaja, nilipata fishi yake katika chumba chenye maji chini na panya juu. Imeandikwa Pierre, imeandikwa jina la kijiji, la chifu, la mke, na watoto wawili na siku zao. Nilishika karatasi ile kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

Kwa fishi ile na mashahidi wawili tulikwenda tribinali ya amani. Mtu mzima asiyeandikwa alipozaliwa, juji anaweza kutoa hukumu inayoshika pahali pa hati ya kuzaliwa, ile ambayo mjini watu wanaiita jijema sipletifu. Hukumu ikitoka, unangoja siku za rufaa zipite. Kisha mwandishi wa tribinali anakupa karatasi nyingine ya kushuhudia kwamba hakuna mtu aliyekata rufaa. Ndipo mwandishi wa komini anaandika katika buku lake na kukupa hati ya kuzaliwa. Usiruke hata ngazi moja. Mimi niliruka ile ya kushuhudia rufaa, kwa kiburi cha karani anayefikiri anajua, nikarudishwa kutoka dirishani mbele ya watu wote.

Juu ya majina mawili ya baba, tulifanya pande zote mbili. Hapa, mashahidi walisema mbele ya juji kwamba huyu na yule ni mtu mmoja. Kule Zambia, mjane na wazee wawili walifanya kiapo cha maandishi kwamba Peter wa *ch* alikuwa akiitwa Pierre wa *tsh*.

Bado mihuri. Kutoka Lubumbashi mpaka Chingola ni safari isiyofika kilometa 150. Unaondoka asubuhi, na kama malori ya Kasumbalesa yamekuachia njia, unakula chakula cha mchana kule. Lakini sisi tuliambiwa kwamba sahihi ya mwisho, ile ya wizara ya mambo ya nje, iko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500, na hakuna mtu wa hapa anayekwenda Kinshasa kwa barabara. Basi karatasi zilipanda ndege. Karatasi za wana wa mfanyakazi, ambao wao wenyewe hawajapanda ndege hata mara moja! Zikarudi, zikaenda kwa konsula wa Zambia, zikaenda kwa mtu wa kugeuza lugha. Katika njia hiyo kuna madirisha, na katika madirisha mengine kuna mkono. Sitasema ni dirisha gani. Mwenye mkono akisoma atajijua.

Hapa nina neno la kuwaambia wale tuliowapa kura. Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru wa kujiongoza. Sioni sababu gani mtu wa Likasi aombe Kinshasa ruhusa ya kuwa mtoto wa baba yake. Wekeni jimboni mtu mwenye sahihi inayotambuliwa na majirani zetu, tangazeni bei yake ukutani kwa herufi kubwa, na mpeni mwananchi karatasi ya malipo. Waacheni majuji watoke nje, waje kambini na vijijini siku zinazojulikana, wasikilize mama wazee ambao hawawezi kulipa gari mpaka mjini. Na yale mafishi ya zamani ya migodi, yatolewe katika maji na panya, yapangwe, mtoto wa mfanyakazi ayasome bila kupiga magoti. Migodi imeuzwa na kuuzwa tena mbele ya macho yetu, watu zaidi ya 10,000 wameambiwa waende kwao na pesa ya mara moja miaka ya 2003 na 2004, lakini hakuna aliyeuliza makaratasi ya watu yamebaki mikononi mwa nani.

Lakini nisiwapige wakubwa peke yao. Ninyi baba mnaosoma, nawauliza. Sheria yetu ya jamaa, ile ya mwaka 1987 iliyotengenezwa tena mwaka 2016, inasema kila mtoto wa Congo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumkataa mtoto wake, awe wa ndoa au si wa ndoa. Inawapa watoto sehemu tatu katika nne za urithi. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa inataka jambo moja: baba yake awe amemkubali mbele ya sheria akiwa hai. Akiwa hai, ndugu zangu! Si kwenye matanga, wakati kila mtu analia na kila mtu ni mtoto. Mtoto mchanga anaandikishwa katika siku 90, bila malipo. Ziko siku 90 na hatupati asubuhi moja, lakini kwa mpira wa Jumapili tunapata.

Najua kwa nini. Wengi hawaandikishi kwa sababu ya haya. Yule wa pili haandikwi ili wa kwanza asijue. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Alituma unga, alituma nguo, alilipa shule. Lakini hakuandika kitu, maana alitaka nyumba mbili zisijuane. Na sasa tazameni: kile kiwanja cha Likasi, watoto wake wawili wa Chingola wana haki juu yake kama hawa wa hapa, lakini kwa sheria yetu lazima waonyeshe kwamba baba aliwakubali. Zambia inawafungulia mlango watoto wetu, na sisi tunawasimamisha watoto wao. Yaya, yaani mtoto wa kwanza wa mjomba, aliponiambia, "Hao wa kule wasahau kiwanja," nilimjibu, "Yaya, kwa mdomo huohuo kesho utaomba kwao sahihi." Alinyamaza siku tatu. Kisha aliniletea namba ya simu ya mdogo wake wa Chingola, ambaye hawakuwa wamewahi kusemezana.

Na sasa yule binti wa tatu.

Alizaliwa mwaka 1975, miezi mitano baada ya baba kuvuka. Baba hakuwa tena mfanyakazi wa mgodi wa hapa, kwa hiyo hakuna posho, na kwa hiyo hakuna jina katika fishi. Bibi yake alimchukua kijijini. Alipobatizwa alikuwa na miaka tisa, na siku ile aliyesimama naye alikuwa kaka ya bibi, mzee aliyemlea. Katekista akaandika jina la mzee yule katika mstari wa baba. Hakuna aliyesema uongo. Kwa desturi yetu mzee yule alikuwa baba yake na zaidi. Lakini kitabu cha ubatizo ndicho karatasi peke yake aliyo nayo, na kinasema baba yake ni mtu mwingine.

Ndiye aliyekwenda Chingola mjomba alipougua. Alikaa kule miezi saba. Alimwosha, alimgeuza kitandani, alimlisha uji kwa kijiko. Wale wawili wa kwanza, wenye karatasi nzuri, walifika siku ya mazishi. Mimi pia.

Watoto wa Chingola walipoulizwa na korti kama wanamjua mwanamke huyu, walijibu wanamjua, ni dada yao, na wakaandika kiapo. Fikirini: kila jina likiongezwa, sehemu ya kila mmoja inapungua, na hata hivyo waliongeza. Mjane naye alitia kidole. Korti imepokea kiapo kile, lakini inangoja hati ya Congo, kwa maana alizaliwa Congo. Na tribinali ya hapa inasema: kitabu cha ubatizo kinakataa. Juji hakuwa mkali. Alisema tulete mashahidi waliomwona mama yake na mimba kabla mume hajavuka, na tulete kitu chochote kilichoandikwa na mkono wa marehemu.

Kwa hiyo mimi, ambaye kwa desturi ningekuwa nimekaa chini ya mwembe ule, ninatafuta mama wazee wa Sakania. Nimepata mmoja. Anakumbuka vizuri, lakini hawezi kutembea, na juji hatoki. Nimepata pia barua moja ya mjomba ya mwaka 1981, iliyokuwa imefungiwa chumvi katika sanduku la bibi. Mstari wa mwisho anauliza kama "yule mdogo niliyemwacha tumboni" amekwisha kuota meno ya pili. Hakumtaja kwa jina, maana hakulijua bado.

Tumeigeuza barua, tumeipeleka kwa mwandishi wa tribinali wiki iliyopita. Ameipokea, ameipa namba, ametuambia turudi baada ya sikukuu. Mtu wa Sakania, wa Mokambo au wa Kipushi aliyekuwa akiishi karibu na jamaa hii mwaka 1974, na anayekumbuka, aniletee neno kwenye biro ya gazeti. Nitamlipia gari.

Karani wa mgodi, Likasi